Gesi ya Chumba cha Oga

Alhamisi, saa kumi na mbili na dakika nane asubuhi. Chujio la maji la jenereta kubwa lilikuwa limejaa mizizi ya magugu maji hadi kwenye mfuniko.

Inspekta Morenike Oyelaran alilichomoa kwa mikono miwili. Mizizi ilikuwa imekandamana ikawa donge moja jeusi lenye harufu ya tope. Alilipiga picha, akalitia kwenye mfuko wa plastiki, kisha akafungua chujio la pili, hatua mbili upande wa kushoto. Hilo lilikuwa jipya, na ndani yake hamkuwa na kitu zaidi ya majani mawili.

"Moja limeshiba, jingine lina njaa," alisema Sajini Udofia, aliyeshika tochi.

Lililoshiba lilikuwa la jenereta. Lenye njaa lilikuwa la viyoyozi. Boti hiyo, *Adunola*, iliundwa Italia mwaka 1987, na kwa miaka yote hiyo jenereta na viyoyozi vitano vilivuta maji ya kujipoozea kupitia tundu moja chini ya boti. Ebikeme Zuofa, fundi wa viyoyozi, alikuwa amekwisha kubadilisha viyoyozi vitatu na kuvipa tundu lao, pampu yao na chujio lao. Jenereta ilibaki na vya zamani. Msimu huu, magugu yanaposhuka na maji ya mvua na kuziba hori lote, chujio la zamani lilitakiwa kusafishwa kila siku.

Mwenye boti, Chifu Bankole Ladega, ambaye wafanyakazi walimwita Oga, yaani bosi, alikutwa amekufa kitandani mwake jana, Jumatano, alfajiri. Kabla ya adhuhuri Ebikeme alikuwa mahabusu. Saa nane mchana aliandika maelezo ya mistari sita, na mstari wa tatu ukasomwa redioni saa kumi: *Jumanne nilitia gesi chumba cha Oga, nikatia mpaka ikatosha.* Jioni daktari alileta majibu ya damu: sumu ya moshi, ile iitwayo kaboni monoksidi, asilimia sitini na nne. Mkuu wa kituo hakuona kasoro yoyote. Gesi ni gesi, alisema, na mtu mwenyewe amekiri kwa mkono wake. Shauri lingetajwa leo saa tatu, kosa la mauaji.

Morenike alikuwa amepewa faili alipange, si alipeleleze. Alipotoka nalo alimkuta mke wa fundi, Boma, amekaa kwenye sakafu ya ukumbi na daftari la kazi la mumewe, ambalo afisa wa zamu alikataa kulipokea. Morenike alilipokea. Mtu aliyepelekwa rumande kwa mauaji husubiri miaka kabla faili lake halijafunguliwa tena, na Boma hakuhitaji kuelezwa. Kaka yake mwenyewe Boma alisubiri miaka tisa, akatoka bila kesi na bila meno.

Sasa zilibaki saa mbili na dakika hamsini.

Kapteni Idowu Salako alisimama kwenye ngazi ya chumba cha injini. Sare yake ilikuwa imepigwa pasi. Maelezo yake hayakuwa yamebadilika tangu jana: umeme wa gatini ulikatika Jumanne saa nne na dakika kumi usiku, akawasha jenereta kubwa, ikapiga kazi mpaka umeme uliporudi saa kumi na moja alfajiri. Alikuwa tayari kula kiapo.

Udofia alimulika bomba la moshi la jenereta. Penye kona palikuwa na ufa wa urefu wa kidole, umefungwa kwa utepe wa kitambaa, na masizi yametapakaa ukutani. Morenike aliinama. Kama jenereta iliendeshwa saa saba na ufa huo, moshi ungeweza kupenya hadi vyumbani. Lingekuwa jawabu rahisi, na kapteni alilitoa kabla hajaulizwa. Alisema alimwambia Ebikeme mara nyingi aufunge ule ufa vizuri, lakini watu wa Delta kama yeye ni wabishi.

"Fundi wa viyoyozi ndiye hufunga bomba la moshi la jenereta?" Morenike aliuliza.

"Alikuwa humu kila siku, Madam. Macho alikuwa nayo."

Morenike alipitisha kidole kwenye masizi. Yalikuwa makavu kama unga, na juu yake kulikuwa na utando wa buibui, mzima, kutoka bombani hadi ukutani. Moshi wa usiku mmoja ungeuchoma. Alimwonyesha Udofia, akapiga picha, kisha akageukia kioo kidogo kilichohesabu saa za kazi za jenereta. Kilisoma 6418.3.

Alifungua daftari la Ebikeme. Fundi huyo alikuwa na desturi ambayo mafundi wenzake walimcheka nayo: hakuondoka kwenye mashine bila kuandika namba zake zote, hata za mashine asizozigusa. Ukurasa wa Jumanne, saa kumi alasiri, ulisema: *Jenereta 6418.2. Chujio lake chafu. Nimemwambia kapteni.*

"Sehemu moja ya kumi ya saa ni dakika ngapi, Sajini?"

"Sita, Madam."

"Fungua pampu yake."

Udofia alifungua skrubu nne. Raba ya ndani, inayosukuma maji, ilikuwa imeyeyuka na kubaki kisiki. Jenereta ilikosa maji, ikapata joto, ikajizima yenyewe. Kapteni alisema labda kile kioo ni kibovu, boti ni ya zamani, vitu vingi humo havisemi kweli.

"Hili jini halikunywa maji hata tone," Udofia alisema. "Lingekesha vipi?"

Saa kumi na mbili na dakika thelathini na tano waliingia chumba cha Oga, nyuma kabisa ya boti. Kitanda kilikuwa kimevuliwa mashuka. Kiyoyozi kipya kilikaa ndani ya sanduku chini ya kitanda, na juu yake palikuwa na utepe mweupe wenye maandishi ya kalamu nene: *Gesi gramu 520. Jumanne saa 9 alasiri. E.Z.*

Ndiyo gesi iliyotangazwa redioni. Morenike aliwasha kiyoyozi kwa umeme wa gatini, akaweka kipimajoto mbele ya tundu la hewa, akatazama saa. Kilianza nyuzi thelathini na moja. Baada ya dakika nne kilikuwa kumi na saba.

Kiyoyozi kilichopoteza gesi hakipoozi. Gramu 520 alizotia Ebikeme zilikuwa bado ndani ya mabomba, zikizunguka. Hakuna aliyezivuta. Aliandika namba hizo, akamwambia Udofia atie sahihi pembeni kama shahidi.

Hilo lilitosha kusema gesi ya fundi haikuua. Halikutosha kusema nini kiliua, na mkuu wa kituo asingeachia mtu kwa sababu ya kipimajoto. Tena kulikuwa na jambo jingine. Mhudumu wa boti, aliyeukuta mwili saa kumi na mbili kasorobo, alisema chumba kilikuwa baridi kama friji la samaki. Umeme ulirudi saa kumi na moja, na kwa dakika arobaini na tano kiyoyozi kingeweza kuleta baridi hiyo. Lakini mhudumu alisema pia kwamba alipita mlangoni saa nane usiku akienda msalani, akasikia kiyoyozi kikinguruma. Saa nane umeme wa gatini haukuwapo, na jenereta kubwa ilikuwa imezimika tangu saa nne na robo.

Morenike alilala kifudifudi, akaingiza kichwa chini ya kitanda. Nyuma ya kiyoyozi, kwenye ukuta uliotenga chumba na stoo ya nyuma, palikuwa na tundu la mviringo, upana wa sahani. Bomba jipya la hewa lilikuwa lipite hapo wiki ijayo. Ebikeme aliliziba kwa ubao mwembamba na utepe, akaandika juu yake: *USIFUNGUE.* Utepe ulikuwa umekatwa kwa kisu, mkato mmoja ulionyooka, kisha ukabandikwa tena kwa utepe wa rangi nyingine. Kwenye ukingo wa chini palikuwa na mkwaruzo mpya, na uzi wa plastiki ya rangi ya chungwa, kama wa ngozi ya waya.

Kiyoyozi hicho kilivuta hewa yake kutoka upande uleule wa tundu.

Waliinua mfuniko wa stoo ya nyuma kutoka sitahani. Harufu ya petroli iliwapiga usoni. Kapteni alisema ni ya injini ya mtumbwi wa boti. Morenike alitazama. Tangi la mtumbwi lilikuwapo, limejaa, kizibo chake kingali na lakiri ya kiwandani isiyokatwa. Kando yake, sakafuni, palikuwa na alama nne za miguu ya mpira na duara la oili mbichi. Dari ya juu ya alama hizo ilikuwa nyeusi.

"Nani ana jenereta ndogo hapa gatini?" aliuliza.

Kapteni alisema hajui. Udofia alicheka kwa pua. Mji mzima una jenereta ndogo.

Saa moja na dakika tano walikuwa kwenye kibanda cha mlinzi. Mallam Shitu alikuwa anapika uji wa mtama kwenye jiko la mkaa. Nyuma ya kibanda, kwenye saruji iliyokolea mafuta, palikuwa na mstatili safi wa ukubwa wa begi la safari. Ukutani kulikuwa na ubao wenye soketi kumi na mbili za kuchajia simu, na hakuna simu hata moja.

Shitu alianza kwa kusema jenereta yake iko kwa fundi. Fundi yupi? Fundi wa upande ule. Ina tatizo gani? Inakohoa. Morenike aliketi kwenye kopo la rangi lililopinduliwa, akamweleza kwa sauti ya kawaida kwamba Ebikeme anapelekwa mahakamani saa tatu kwa kosa la kumuua Oga. Shitu aliacha kukoroga.

"Ebi? Ebi huyu anayeninunulia mkate?"

"Huyo."

"Walisema anaulizwa tu."

"Nani alisema?"

Mlinzi alitazama upande wa boti. Kapteni alikuwa amesimama sitahani, mikono mgongoni.

"Mama, mimi ni mlinzi," Shitu alisema taratibu. "Kapteni akisema lete, naleta. Alikuja saa nne na nusu usiku, akasema nikopeshe kidogo, Oga anapiga kengele kama kichaa. Nikamsaidia kubeba. Asubuhi, kabla watu hawajajaa, akanirudishia, akaniambia, Shitu, itupe majini."

"Ukaitupa?"

"Nitupe jenereta yangu majini? Mimi? Anilishe yeye?" Alifunika sufuria. "Iko kwa fundi pancha, nyuma ya matairi. Mwambie nimekutuma, la sivyo atakwambia haijui."

Ilikuwa pale, imefunikwa turubai. Jenereta ya petroli, kilowati mbili na nusu. Waya wake ulikuwa wa rangi ya chungwa, umekwaruzwa sentimita themanini kutoka kwenye plagi. Miguu minne ya mpira iliingia sawasawa katika vipimo alivyochukua Morenike stooni. Udofia aliiandikia risiti, Shitu akaomba nakala.

Saa moja na dakika arobaini Morenike alimketisha kapteni sebuleni mwa boti. Aliweka mezani picha za chujio, za kioo cha saa, za tundu na za waya, moja kando ya nyingine. Hakumwambia alichosema mlinzi.

"Nina swali moja, Kapteni. Umeme ulikatika saa nne na dakika kumi. Jenereta kubwa ilizimika saa nne na robo. Saa nane usiku kiyoyozi kinanguruma. Kilikuwa kinakula nini?"

Salako alivua kofia, akaiweka juu ya picha ya chujio.

Alieleza kwa mpangilio, kama mtu anayesoma kitabu cha safari. Oga alipiga kengele mara tatu. Jenereta kubwa ilikuwa imekufa, na chujio hakulisafisha siku nne. Alikumbuka Ebikeme alivyojisifu kwamba kiyoyozi kipya kinakula umeme kidogo, hata jenereta ya mlinzi ingekibeba. Akaileta. Aliiweka kwanza sitahani.

"Kwa nini haikubaki sitahani?"

"Kelele. Oga alifungua dirisha akaniambia, Salako, nikisikia tena mlio wa hiyo takataka, kesho utakuwa nahodha wa mtumbwi wa mchanga. Ndivyo alivyosema. Nikaishusha stoo, nikafunga mfuniko. Watu wote mjini huiweka ndani, Madam. Ukumbini, jikoni. Ukiiacha nje inaibwa."

"Na si wote huamka. Tundu?"

"Nilihitaji njia ya waya."

"Ulisoma kilichoandikwa juu yake?"

"Nilisoma."

"Kilisemaje?"

"Usifungue."

Udofia aliacha kuandika kwa sekunde moja, kisha akaendelea.

Morenike aliuliza kwa nini jana hakusema. Kapteni alijibu kwamba aliposikia redioni Ebikeme amekiri kutia gesi, alipata nafuu. Alijiambia, basi kumbe ni yeye, kumbe si mimi. Mtu hawezi kukiri kitu ambacho hakukifanya.

"Redio ilisema saa kumi jioni," Morenike alisema. "Jenereta uliitoa stooni alfajiri. Utepe uliubandika tena alfajiri hiyohiyo. Kwa saa kumi ulijua, na hapakuwa na redio."

Kapteni alisema ana binti anayeolewa Jumamosi, na Morenike akamwambia Udofia asiliandike hilo. Kapteni alisoma maelezo yake kurasa tatu, akatia sahihi kila ukurasa, na saa kwenye wa mwisho: saa mbili na dakika tano.

Mwendesha mashtaka hakupokea simu. Mkuu wa kituo alipokea, akasikiliza nusu dakika, akasema alete karatasi ofisini kesho, zitaangaliwa. Morenike alimwomba asimamishe shauri. Akajibiwa kwamba watu wa familia ya Chifu wamekwisha fika mahakamani, na waandishi wa habari pia.

Walimwacha kapteni kwa askari wawili wa doria ya majini, wakaondoka na jenereta nyuma ya gari. Darajani foleni ilikuwa imesimama. Udofia aliwasha king'ora, hakuna aliyesogea. Hapakuwa na pa kusogea. Mchuuzi wa ndizi za kukaanga alipita kando ya dirisha, akachungulia jenereta, akauliza kama inauzwa. Morenike alipiga simu mara kumi na moja. Ya kumi na mbili ilipokelewa na karani wa mahakama. Alisema hakimu alianza mapema, ana maziko mchana. Shauri la Zuofa liliitwa la kwanza, saa mbili na dakika arobaini. Lilichukua dakika tano. Mshtakiwa hakuwa na wakili. Rumande, hadi litakapotajwa tena baada ya siku thelathini.

"Yuko wapi sasa?"

"Anapakiwa."

Saa tatu na dakika ishirini na sita gari lao liliingia uani mwa mahakama. Basi la gereza lilikuwa limewasha injini, watu kumi na saba ndani yake, pua yake imeelekea getini. Boma alisimama kando yake na bakuli la wali lililofungwa kwa leso, mkono mmoja umeshika wavu wa dirisha. Nyuma ya wavu, Ebikeme alikuwa anamwambia kitu, na yeye anatikisa kichwa, hakubali.

Morenike alimwambia Udofia asimamishe gari getini, kwa upana, lizibe njia. Udofia alimtazama kwenye kioo.

"Kwa upana, Madam?"

"Kwa upana. Zima. Nipe ufunguo."

Aliweka ufunguo mfukoni, akashuka na bahasha. Dereva wa basi alipiga honi. Mwendesha mashtaka alitoka mbio barazani, tai imelegea, akamwambia anazuia amri ya mahakama na kwamba kufikia kesho hatakuwa na cheo. Morenike alimjibu kwamba hilo linawezekana, akampa nakala ya maelezo ya kapteni, akamwambia asome ukurasa wa pili akiwa amesimama palepale. Alisoma. Aliurudia. Aliuliza kama hiyo sahihi imepatikana kwa njia halali, na nani alishuhudia. Udofia akainua mkono.

"Mimi sikujua," mwendesha mashtaka alisema, kwa sauti ya chini. "Faili lilisema gesi."

"Sasa unajua. Hakimu hajaondoka."

Hakimu alikuwa ofisini mwake, amevaa nguo za msiba, mkoba begani. Karani aliingia na bahasha, akafunga mlango. Barazani hakuna aliyeketi. Watu wa familia ya Chifu walimzunguka mwendesha mashtaka wakitaka kujua kinachoendelea, naye hakuwaambia. Ndani ya basi mtu mmoja alianza kukohoa kwa joto, wengine wakagonga bati, na dereva akazima injini. Boma alikuwa hajaachia wavu.

Saa nne na dakika nane karani alifungua mlango, akaenda moja kwa moja chumba cha mahakama, akawasha feni.

Saa nne na dakika kumi na mbili jina la Ebikeme Zuofa liliitwa kwa mara ya pili, na askari wa gereza akafungua mlango wa basi.